Ua la Bangi na Somo Lisilofundishwa

Mtoto wa Tanzania anaweza kusoma kuanzia darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu, na kuhusu bangi akaambiwa sentensi moja tu: bangi ni mbaya, inaleta wazimu. Sentensi hiyo ataisikia kwa mwalimu wa uraia, kwa mchungaji au shehe, kwa mjumbe wa nyumba kumi, na kwa askari anayealikwa shuleni siku ya maadhimisho. Ataiandika kwenye mtihani na kupata alama zake. Kisha jioni atapita kijiweni amkute jirani yao ambaye amekuwa akivuta tangu kabla yeye hajazaliwa, naye ana mke, ana watoto, ana pikipiki, na hesabu za nauli anazijua kuliko mwalimu wa hisabati. Mtoto hupima. Huona kwamba sentensi ile si kweli, au angalau si kweli kwa watu wote. Kuanzia hapo hatuna tena la kumwambia juu ya bangi na, kibaya zaidi, hatuna la kumwambia juu ya heroini, kwa maana amekwisha kutuandika katika daftari la waongo.

Naandika haya nikiwa mzee wa miaka sabini na kitu, niliyetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kuwafundisha watu watakaofundisha wengine. Sitetei bangi. Sijapata kuivuta, wala sina hamu ya kuanza uzeeni. Ugomvi wangu ni na mafunzo ya vitisho. Vilevile, kama nitakavyoeleza huko mbele, ni na wenzetu wa ng'ambo ambao siku hizi wanaiuza kwa vijitabu vyenye picha nzuri wakiviita mwongozo wa wanaoanza. Makundi haya mawili yanadhani ni maadui. Mimi naona ni ndugu wa baba mmoja, kwani yote mawili hayataki kumweleza kijana kilichomo ndani ya ua.

Naam, ua. Watu wetu husema fulani anavuta majani, na hapo ndipo ujinga wetu unapoanzia. Jina bangi lenyewe lilitujia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na huko India lilikotoka watu hutofautisha vitu vitatu. Bhang ni majani, ambayo husagwa na kunywewa pamoja na maziwa na viungo. Ganja ni vichwa vya maua ya mmea jike. Charas ni ulimbo wenyewe, unaokusanywa kwa kuyasugua maua hayo mikononi. Vitu hivi havilingani kwa nguvu hata kidogo. Bhang ni dhaifu kuliko vyote na charas ni kali kuliko vyote. Sisi tulilichukua jina la kile kilicho dhaifu tukalibandika juu ya vyote vitatu. Ni kana kwamba togwa, mnazi na gongo vyote tungeviita togwa, kisha tukashangaa kwa nini watoto hawaelewi onyo letu.

Sasa hebu tufanye kazi ambayo mwalimu wa biolojia angeifanya kwa dakika kumi kama asingeogopa. Mbangi ni mmea wa msimu mmoja. Linnaeus aliuandika kwa jina la Cannabis sativa mwaka 1753. Mkulima yeyote wa mapapai ataelewa mara moja maumbile yake, kwa sababu kama ilivyo kwa mpapai, kuna mmea dume na kuna mmea jike. Dume hutoa chavua, upepo ukaipeperusha, na kazi yake ikaishia hapo. Jike hutoa maua madogo yasiyo na petali, yaliyosongamana kwenye ncha za matawi, kila ua likiwa na vinywele viwili vyeupe ambavyo hugeuka rangi ya kutu yanapokomaa. Juu ya maua hayo, na juu ya vijani vidogo vinavyoyazunguka, kuna vinyweleo vidogo mno vyenye vichwa vya duara kama vichwa vya pini, vinavyong'aa kama umande. Ndani ya vichwa hivyo ndimo mmea unamotengenezea ulimbo wake, na ndani ya ulimbo ndimo iliyomo nguvu yote inayozungumzwa. Yale majani makubwa yenye vidole, yanayochorwa kwenye fulana na kwenye viti vya bodaboda, yana kidogo sana.

Jike lisipopata chavua halizai mbegu, nalo huendelea kutoa maua na ulimbo. Ndiyo sababu wakulima wa biashara katika nchi za magharibi huyang'oa madume yote mapema, au huyaepuka tangu kwenye mbegu. Waliopata kuona bangi ya mashambani kwetu wanajua kwamba kwa kawaida imejaa mbegu, kwa kuwa dume na jike huota pamoja. Mtu aliyezoea ile, akikutana na ua lisilo na mbegu la kutoka kwenye vyumba vya taa za umeme, anadhani amekutana na kitu kilekile kwa sababu jina ni lilelile.

Kemia yake ilichelewa kujulikana. Morfini ilipatikana kwenye kasumba mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kiini cha bangi kilijulikana barabara mwaka 1964 tu, pale Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni wa Israeli walipokitenga na kuonyesha umbo lake. Malighafi yao ilikuwa hashishi iliyokamatwa na polisi, na nasikitika kwamba hadithi nzuri namna hiyo haisimuliwi kwenye madarasa yetu. Kiini hicho ni tetrahidrokanabinoli, kwa kifupi THC. Katika ua bichi hakipo kwa wingi. Kilichopo ni asidi yake, ambayo hugeuka THC kwa joto, na ndiyo maana bangi huchomwa au kupikwa. Mwaka 1988 watafiti waligundua kwamba ubongo una vipokezi ambavyo THC huvikalia, na mwaka 1992 kikundi cha Mechoulam kikapata kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza kwa ajili ya vipokezi hivyo. Walikiita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha.

Vipokezi hivyo ni vingi katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu, na kupima muda, na kuratibu mwendo. Ni vichache mno katika shina la ubongo, ambako pumzi hutawaliwa. Kwa hiyo bangi haiui kwa kusimamisha pumzi kama heroini inavyoua. Huo ni ukweli, na mwalimu hana budi kuutamka kwa sauti mbele ya darasa, hata kama mkaguzi amekaa nyuma. Akiumeza, mwanafunzi atauokota kijiweni, na kijiweni watampa huo peke yake bila mwenzake.

Mwenzake ni huu. Ubongo wa binadamu hauishi kujengeka mpaka kiasi cha miaka 25, na yale anayoyavuta mtu wa miaka 15 hayaendi mahali palepale yanapokwenda ya mtu wa miaka 40. Huko Sweden vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini waliulizwa habari za bangi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: waliokuwa wameitumia zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara sita zaidi kuliko wasioitumia. Mwaka 2019 ukachapishwa utafiti mwingine, wa vituo 11 vya Ulaya na Brazili, ukaonyesha kwamba wanaotumia kila siku bangi kali, yaani yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, walikuwa na uwezekano wa kuugua saikosisi karibu mara tano ya wale wasioitumia kamwe. Tazama, msomaji, jinsi maneno yalivyo na mipaka: kila siku, na kali. Mipaka hiyo ndiyo somo lenyewe. Ukiiondoa unabaki na ile sentensi yetu ya wazimu, ambayo jirani mwenye pikipiki ameikanusha bila kufungua kinywa.

Nguvu hiyo nayo haikusimama. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, wastani wa THC ulikuwa kiasi cha asilimia 4 mwaka 1995. Mwaka 2014 ulikuwa kiasi cha asilimia 12. Maduka yenye leseni huko sasa huuza maua ambayo vibandiko vyake vinadai zaidi ya asilimia 20. Baba aliyeonja msokoto mmoja akiwa jeshini miaka ya 1970, na akapona, asiutumie msokoto ule kumshauri mwanawe.

Wapo watakaouliza, hilo la wazimu tulilitoa wapi basi? Historia yake inafaa kujulikana. Mwaka 1893 serikali ya Waingereza huko India iliunda tume ya kuchunguza mazao ya bangi. Tume ilihoji mashahidi zaidi ya elfu moja, na ripoti yake ya mwaka 1894 ilijaza majuzuu saba. Moja ya kazi zake ilikuwa kupekua hospitali za wagonjwa wa akili, ambako madaftari yalionyesha kwamba wengi waliugua kwa sababu ya ganja. Tume ilipouliza habari hiyo ilipatikanaje, ikakuta kwamba mara nyingi mtu aliletwa na polisi, hakuna aliyejua chanzo cha ugonjwa wake, fomu ilitaka chanzo kiandikwe, basi karani akaandika ganja. Tume ikahitimisha kwamba utumiaji wa kiasi kwa kawaida hauleti madhara makubwa, na kwamba utumiaji wa kupindukia unadhuru. Ripoti ikawekwa kabatini. Karani yeye akaendelea na kazi, na nadhani alipanda jahazi akaja mpaka kwetu.

Nasema hivyo kwa sababu ya kijana mmoja, mjukuu wa binamu yangu. Sitamtaja jina, wala shule yake. Alikuwa kidato cha tatu, mtoto mpole, hodari wa jiografia. Akaanza kujitenga. Akawa halali. Akawaambia wenzake wa bweni kwamba redio inamtaja jina lake. Siku moja wakamkagua wakamkuta na msokoto mfukoni, akafukuzwa siku ileile, akapandishwa basi na sanduku lake la bati. Nyumbani ikapokelewa habari moja tu: ni bangi. Na neno hilo lilipotamkwa kila mtu aliacha kuuliza. Hakuna aliyeuliza kama sauti zilianza kabla ya msokoto au baada yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwa upande wa mama kulikuwa na mjomba aliyeugua vivyo hivyo, ambaye hakupata kuvuta chochote zaidi ya moshi wa kuni. Waliomwonea huruma walisema aachwe, ikimtoka kichwani atapona. Wasiomwonea huruma walisema amejitakia. Akakaa kwa mganga mwaka mzima, miezi mingine akiwa amefungwa kamba, na alipofikishwa kwa daktari ugonjwa ulikuwa umekwisha kota mizizi. Leo ana umri wa miaka 27. Anakaa nyumbani, anakula dawa, analisha kuku. Sijui, na hakuna ajuaye, kiasi gani cha ugonjwa ule kilitoka kwenye bangi, kiasi gani kwenye ukoo, na kama bangi yenyewe hakuitafuta ili kuzinyamazisha zile sauti. Ninachojua ni kwamba ule mwaka mmoja ulipotea kwa sababu ya sentensi tuliyowafundisha.

Basi nigeukie upande wa pili, nisije nikaonekana nawaonea walimu peke yao. Uruguay iliihalalisha bangi mwaka 2013, Colorado ikafungua maduka Januari 2014, Kanada ikafuata mwaka 2018. Hata karibu na kwetu mambo yamesogea: Lesotho ilitoa leseni za kilimo cha dawa mwaka 2017, Malawi ng'ambo ya Ziwa Nyasa ikapitisha sheria yake mwaka 2020, na Afrika ya Kusini mahakama ya katiba iliruhusu matumizi ya faragha ya watu wazima mwaka 2018. Sitabishana hapa na mabunge hayo. Lakini pamoja na maduka umekuja uandishi wa kuwakaribisha wageni, na uandishi huo unawafikia vijana wetu kupitia simu zao bila kulipa ushuru bandarini.

Uandishi huo unamwambia anayeanza kwamba kuna ua la indica la kumlaza usingizi na ua la sativa la kumchangamsha. Lamarck alipoandika jina la indica mwaka 1785 alikuwa anaeleza umbo la mmea ulioletwa kutoka India, hakuwa anauza usingizi. Wanakemia walioyapima maua ya madukani wamekuta kwamba kibandiko cha indica au sativa hakitabiri vizuri kilichomo ndani. Mwandishi wa mwongozo anajua, au angeweza kujua kwa kuuliza, ila mnunuzi anataka kuchagua baina ya rangi mbili, basi hupewa rangi mbili.

Unamwambia pia kwamba ni kitu cha asili. Tumbaku nayo imetoka kiwandani? Unamwambia ni dawa. Hapa nawaomba wasomaji wawe waangalifu, maana wapo wagonjwa wa kweli wanaotajwa ili kuuzia wasio wagonjwa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya kanabidioli, ambayo ni kiini kingine cha mmea huu kisicholevya, kwa ajili ya watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Ilipimwa kwa majaribio ya hospitali, imesafishwa, huandikwa na daktari kwa mililita kulingana na uzito wa mtoto. Kutoka hapo hadi kwenye msokoto wa kijiweni ni safari ndefu kama kutoka kwenye kwinini hadi kutafuna gome la mti wowote utakaokutana nao njiani.

Na ambacho mwongozo ungepaswa kukiandika kwa herufi kubwa mara nyingi umekiweka chini kabisa. Anayevuta hupata athari katika dakika chache. Anayekula keki au biskuti iliyopikwa na bangi anaweza kungoja saa moja, hata mbili, na ini humgeuzia THC kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi, kinachokaa kwa saa nyingi. Mwezi Machi 2014 huko Colorado kijana wa miaka 19 alikula kipande kimoja cha biskuti kama muuzaji alivyomwelekeza. Baada ya nusu saa hadi saa moja hakuona kitu, akala iliyobaki. Biskuti nzima ilikuwa na miligramu 65 za THC, yaani kipimo cha zaidi ya watu sita. Akavurugikiwa, akaruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne akafa. Wakuu wa afya wa Marekani waliichapisha habari hiyo mwaka uliofuata. Mmea ule nilioueleza juu, usiosimamisha pumzi, haukuyasimamisha mapafu yake. Kilichomuua ni kutojua saa.

Nitaambiwa, kama nilivyoambiwa mara nyingi, kwamba kumweleza mtoto haya ni kumfungulia mlango. Maneno haya si mageni masikioni mwangu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata tulikaa vikao visivyohesabika, wazee wenye heshima wakituomba tusitaje kondomu mbele ya wanachuo, tuseme tu kwamba uasherati ni mbaya. Ilikuwa sentensi moja, fupi, yenye adabu. Wanachuo wakaiandika kwenye madaftari. Nimesimama kwenye makaburi ya walimu vijana ambao vyeti vyao niliviandika kwa mkono wangu, na katika wale waliotuomba tunyamaze wapo niliosimama nao pembeni ya makaburi hayo, nao wamevua kofia.

Wengine watasema bangi ni kosa la jinai, basi habari imekwisha. Ni kweli ni kosa. Sheria ya mwaka 2015 haina utani, na mwalimu aiseme wazi, pamoja na kwamba rekodi ya mahakama itamfuata kijana kwenye kila ombi la kazi. Lakini sheria ni moja ya habari za kumpa mwanafunzi, haiwezi kukaa badala ya habari nyingine zote. Wizi ni jinai pia, na bado tunafundisha hesabu za benki. Tena ningependa wakuu wa shule watafakari kwamba sheria hiyo haijawaagiza wampandishe basi mtoto anayesikia sauti.

Kwa wakufunzi wa vyuo, ombi langu ni dogo. Vipindi viwili vya dakika 40 katika mwaka wa kwanza. Kipindi cha kwanza mkufunzi achore mpapai dume na jike, na pembeni yake mbangi, aonyeshe ulimbo unakaa wapi, aeleze tofauti ya jani, ua na ulimbo, na tofauti ya kuvuta na kula. Kipindi cha pili awafundishe walimu watarajiwa maswali ya kumwuliza mwanafunzi aliyekutwa nayo, kabla ya kuita mzazi na kabla ya kuandika barua yoyote: ulianza ukiwa na umri gani, unatumia mara ngapi kwa wiki, ni kitu gani hasa unachopewa na kinatoka wapi, unalala saa ngapi, kuna mtu katika ukoo wenu aliyewahi kuugua akili, na je, unasikia sauti usipokuwa na mtu. Yule wa binamu yangu, kwa mujibu wa mwenzake wa kitanda cha juu, alikuwa akizisikia tangu likizo ya Juni.